Sanduku Lililongoja Watu wa Kwao

Mke wangu alikufa siku ya Alhamisi, mimi nikiwa Lilongwe nashona yunifomu za shule. Naanza na hilo kwa sababu kwa zaidi ya mwaka nilikuwa nalizunguka. Watu wakiuliza, nilisema malaria ilimpanda kichwani ikamchukua haraka. Ni kweli ilimchukua haraka. Lakini Jumanne nilikuwa nimepigiwa simu. Rafiki yangu, aliyekuwa anauza nguo za kaunjika, yaani mitumba, jirani na meza yangu sokoni Dzaleka, kambi yetu ya wakimbizi, aliniambia mama yuko hoi, njoo. Nikamwambia nitakuja Jumamosi nikimaliza kazi. Zilikuwa zimebaki yunifomu kumi na saba, na mwenye shule alikuwa ananisimamia kichwani. Alhamisi rafiki yangu akapiga tena, na safari hiyo hakusema njoo. Alisema wamemfunika.

Hiyo simu ya Jumanne tuliijua watu wawili tu, mimi na yeye.

Mimi si mtu wa shule. Niliacha darasa la pili, baba alipokufa, kwenye mlima wetu karibu na Bukavu. Kusoma kwingine nilijifunza kwenye utepe wa kupimia na kwenye Biblia. Tulifika Dzaleka mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, mimi, mke wangu na binti yetu mmoja, na mzigo wa maana ulikuwa mmoja: sanduku la bati, rangi ya buluu, ambalo kaka yake alimpa siku ya ndoa. Alilibeba kichwani kutoka Kongo mpaka Malawi. Nilimwambia mara nyingi alitupe. Hakunijibu hata mara moja. Mwaka na nusu nilifyatua matofali ya watu wengine, nikanunua mashini ya mkono, halafu ya miguu. Nyumba nilijenga mwenyewe. Nimeshonea wachungaji, nimeshonea walinzi wa maofisi ya City Centre kule Lilongwe, na hakuna aliyewahi kunirudishia suruali kwamba mguu mmoja ni mrefu. Nayasema haya ili ijulikane kwamba sikuwa mtu wa kuhurumiwa, na sikutaka.

Sasa, kwetu mwanamke akifa mume hagusi sanduku lake. Watu wa kwao ndio wanakuja. Wanasimama uani, wanamuuliza mume walimpa binti yao mzima, amekufaje. Mume anajibu mbele ya watu wote. Wakiridhika wanafungua sanduku, wanagawa vitu, mume ananyolewa, matanga yameisha. Kabla ya hapo anakaa na ndevu zake, na kila anayemwona anajua huyu hajaachiliwa.

Kambini sikuwa na wakwe. Niliweka ufunguo mfukoni, nikaacha ndevu. Watu walisema mzee anashika desturi, na mimi nikaacha waseme hivyo. Ukweli ni kwamba pasipo wakwe hakuna wa kuniuliza swali, na hilo lilinifaa.

Watu wa kanisa walikuja wiki nzima. Waliimba, walipika, walilala kwenye mikeka uani. Siku ya nane walirudi kwao. Siwalaumu. Kambini kila nyumba ina mtu wake aliyezikwa mahali, huku au njiani. Baada ya hapo nikawa nakaa ndani, naangalia ukuta. Mashini ilifunikwa na gunia.

Rafiki yangu ni Mwislamu, mtu wa Kindu, mfupi, mwenye maneno mengi. Tangu siku ya tisa alianza kuja kila asubuhi, akitoka kuswali. Anakaa kwenye kizingiti, anakunywa chai yangu isiyo na sukari, anasengenya bei za wenzake, anaondoka. Hakuwahi kunipa pole baada ya ile ya kwanza. Kisha akaanza kuleta suruali. Mshono umefumuka hapa, pindo limeachia pale. Nitie sindano kidogo, mzee, wateja wanalalamika. Nilitoa gunia kwenye mashini kwa sababu ya suruali zake. Siku moja ni suruali moja, siku nyingine tatu. Miezi miwili ikapita hivyo kabla sijaangalia vizuri.

Uzi ukichoka unakatika ovyo, mmoja hapa, mwingine pale, na unaacha manyoya. Huu ulikuwa umekatwa mstari mmoja, safi.

"Hii haikufumuka," nikamwambia. "Hii walikata na wembe."

"Labda kule Ulaya banakata na wembe."

"We njo ulikata. Ni wewe."

Akamaliza chai yake kwanza. "Njo mi. Sasa? Ulitaka nikuletee wimbo? Kwaya yenu iliimba wiki nzima na bado ulikuwa unaangalia ukuta."

Nilikasirika. Nilimwambia mimi si mtoto wa kuchezeshwa, nikamtupia suruali yake. Akaiokota, akaikung'uta vumbi, akaondoka. Kesho yake asubuhi alirudi na mbili. Zote zimekatwa na wembe, na hata hakujisumbua kuficha. Nikazishona.

Mwaka ulipita hivyo. Halafu binti yangu, aliyeolewa na kijana wa kwetu na kukaa Mtandire, pembeni ya Lilongwe, akashika mimba ya kwanza. Alikuwa anauza nyanya kule. Nilikwenda kumwona nikipeleka mapazia kwa mteja wangu wa Area 49, na hakunipa hata maji kabla ya kusema lake. Kwetu mtoto wa kwanza anabebwa na kitenge cha bibi yake mzaa mama. Alitaka kitenge cha mama yake.

Nikamwambia sanduku halijafunguliwa.

"Funguo iko wapi?"

"Iko mfukoni."

"Basi?"

"Basi hakuna mtu wa kwao hapa wa kufungua."

"Mi si mtu wa kwao?"

"We ni mtu wa kwangu. Mtoto ni wa baba."

Aliniangalia kama mtu anayeangalia mzani wa tapeli. Akasema mimba ina miezi sita, nihesabu mwenyewe, kisha akarudi kupanga nyanya zake.

Nilimsimulia mteja wangu wa Area 49, Mmalawi, mtu mzima mwenye heshima zake. Yeye alishangaa kwa upande wake. Kwao watoto ni wa upande wa mama, akasema, kwa hiyo binti angeweza kufungua siku ileile ya mazishi. Akaniambia mambo yameisha, mzee, mwambie afungue. Nikamjibu zikomo, yaani asante, lakini mimi si mtu wa huku. Alicheka, akanilipia mapazia. Njiani nilijua kwamba nimekimbia mlango uliokuwa wazi.

Nilipomweleza rafiki yangu, hakusema kitu juu ya desturi. Alisema kaka wa marehemu bado yuko hai, simu zipo, nipige. Nikasema sina namba. Akasema yeye anayo, aliipata kwa watu wa Bukavu miezi mingi iliyopita, alikuwa anangoja niulize. Akapiga mwenyewe, akanishikisha simu sikioni kama ananishikisha kikombe.

Shemeji yangu alikuwa amezeeka sauti. Tulilia kidogo, kila mtu upande wake, halafu akauliza nani wa kwao yuko kambini. Nilinyamaza. Nilikuwa namjua mmoja, na yeye peke yake. Rafiki yangu akanitazama. Nikamtaja.

"Yule wa ng'ambo ya mto? Baba yake alikunywa pombe ya ndoa yenu mpaka akalala kwa shamba yetu," shemeji akasema. "Sawa. Tangu leo huyo ni dada yangu. Aulize yale mi ningeuliza. Na we usimfiche kitu."

Lazima nieleze kwa nini nilinyamaza. Yule mwanamke, mjane, muuza samaki wakavu, alikuwa hazungumzi na mke wangu kwa miaka mitatu kabla ya kifo. Walikosana kwa ajili ya sombe. Sisi Wakongo bila majani ya muhogo yaliyotwangwa hatujala. Wenyeji wa huku wanakula nsima, ugali wao, na mboga zao, sombe hawakuwa na habari nayo sana. Mke wangu aligundua shamba la mama mmoja Mmalawi, nje ya kambi, akaomba majani, yule mama akampa bure, akicheka kwamba kuna watu wanakula hayo. Mke wangu alikuwa anachuma kwa kiasi, machanga tu, na alikuwa hamwambii mtu. Yule mjane akamfuata siku moja kwa mbali. Kesho yake alifika alfajiri na magunia mawili, akachuma mpaka mihogo ikabaki vijiti. Mwenye shamba akawafukuza wote wawili. Mke wangu alimwita mwizi wa majani mbele ya kisima, watu wamejaa na ndoo zao, na mkononi alikuwa na kisu chake cha kuchumia. Hakumgusa. Lakini kisu kilionekana.

Na sasa mimi, mwenye ndevu za kufika kifuani, nikaombe kwa huyo.

Siku tatu nilipita mbele ya nyumba yake kama ninakwenda kwingine. Rafiki yangu aliniuliza kama nimeanza kazi ya kulinda mtaa. Siku ya nne niliingia. Alikuwa anatwanga sombe kwenye kinu, na hakuacha kutwanga. Nilisimama. Nilieleza yote, simu ya shemeji, mimba ya binti, sanduku. Mchi ulikuwa unapanda na kushuka.

"Bibi yako alinisema mbele ya batu kwamba mi ni mwizi."

"Alisema."

"Na we ulisikia."

"Nilisikia."

"Ulisema nini?"

Ningeweza kusema nilimkanya. "Nilisema ni kweli," nikamjibu. "Magunia mawili, mama."

Mchi ukasimama. Nilidhani anautafutia kichwa changu. Akajifuta jasho kwa mkono, akasema magunia yalikuwa matatu, moja alilificha kwa jirani. Halafu akasema atakuja Jumapili baada ya ibada, na kwamba akija hatakuja kama mgeni, nijitayarishe.

Hakutania. Jumapili alikuja amefunga kitenge kizuri, na nyuma yake wanawake wawili wa soko la samaki aliowaokota ili wakwe waonekane wengi. Mmoja ni Mrundi, hakujua hata kinachoendelea, lakini alinuna vizuri kuliko wote. Uani walikuwepo wazee wawili wa kanisa, majirani, na rafiki yangu amekaa mwisho wa benchi. Niliwaletea viti. Mjane akakataa.

"Hatukuja kukaa. Tulikuja kuangalia binti yetu. Iko wapi?"

"Hayuko," nikasema.

"Tulikupatia mzima. Alikuwa anatembea, alikuwa anacheka, meno yote iko. Ulimtia wapi?"

Watu walitabasamu kidogo, maana alikuwa anajua kazi. Alinipitisha kote. Nilimlisha nini? Nilimvisha nini? Nilimpiga? Nilijibu moja baada ya jingine, na majibu mengine yalikuwa ya kujivunia, kwa sababu mke wangu alivaa vizuri kuliko wake wa watu wenye duka. Halafu akashusha sauti.

"Alikufaje?"

Nikaanza lile langu la malaria kupanda kichwani. Akaniacha nimalize.

"Sikuuliza alikufa na nini. Niliuliza alikufaje. We ulikuwa wapi?"

"Lilongwe. Kazi."

"Walikuita lini?"

Kabla sijafungua mdomo, rafiki yangu alisimama mwisho wa benchi. Mtu yule hajui kunyamaza, lakini siku hiyo aliongea polepole. Alisema yeye ndiye aliyepiga, na kwamba siku zile simu zilikuwa zinakatika sana, sauti haifiki, inawezekana mzee hakusikia vizuri. Alisema hivyo mbele ya wazee wa kanisa, yeye aliyetoka kuswali, kwa uso mkavu kabisa. Akakaa.

Njia ilikuwa hiyo. Ningeinamisha kichwa tu, ingetosha, na hadi leo hakuna ambaye angejua.

"Simu haikukatika," nikasema. "Nilisikia vizuri. Aliniita Jumanne. Nikasema nitakuja Jumamosi, kuna yunifomu kumi na saba zimebaki. Alhamisi akafa."

Yule Mrundi aliacha kununa. Mjane aliniangalia kwa muda, na mimi sikuangalia pembeni, maana nilikuwa nimechoka kuangalia pembeni.

"Yunifomu ulimaliza?" akauliza.

"Nilimaliza kumi na tatu."

Akatikisa kichwa. Akasema kaka wa marehemu akimuuliza atamwambia hivyohivyo. Nikasema amwambie.

"Kwetu ungetoa mbuzi," akasema. "Hapa mbuzi ya nini. Utapeleka kitenge kwa binti yako na mkono yako, na hii maneno umetuambia utamwambia na yeye. Si kwa simu. Uso yako na uso yake. Leta funguo."

Nikatoa ufunguo. Kufuli lilikuwa limeshika kutu, rafiki yangu akalitia mafuta ya mashini. Kifuniko kilipoinuka, harufu ya kwanza iliyotoka ilikuwa ya sabuni. Miche na miche ya sabuni, imefungwa kwenye magazeti, imepangwa chini na pembeni, na nguo katikati. Wale wanawake walishangaa. Mimi nilijua. Alikuwa anaweka kwa ajili ya siku ya kurudi Bukavu. Alikuwa anasema hawezi kufika kwa kaka yake akinuka safari.

Mjane aligawa bila haraka. Sabuni kwa majirani waliomwosha. Nguo kwa wanawake wa kwaya. Vitenge viwili vizima akaviweka kando kwa binti. Chini kabisa palikuwa na kile kisu kidogo cha kuchumia majani, kimefungwa kwenye kitambaa. Alikigeuzageuza, akasema fungu la msimamizi ni hili, kwa sababu alishatishiwa nacho tayari. Watu walicheka, na mimi nilicheka. Akakifunga kwenye pembe ya kitenge chake.

Rafiki yangu alininyoa palepale uani. Alitoa wembe mpya kwenye karatasi yake, akanionyesha. "Huu haujaona suruali," akasema. Nikamuuliza kwa nini aliongopa mbele ya watu. Akasema nisitikise kidevu.

Jumatatu nilipanda kabaza, baiskeli ya abiria, mpaka barabara ya lami, nikapata gari ya Lilongwe, nikafika Mtandire adhuhuri. Binti yangu alikuwa anachambua nyanya, mbovu kushoto, nzima kulia. Nilimpa vitenge. Kabla hajanipa kiti nilimwambia, kwa maneno yaleyale, Jumanne, Jumamosi, kumi na saba. Aliendelea kuchambua. Niliona ameanza kuweka nyanya nzima upande wa mbovu.

"Mama alijua?" akauliza. "Alijua ulisema Jumamosi?"

"Sijui. Sijauliza."

"Uliza."

Sikula kwake siku hiyo. Nilirudi kambini, nikamkuta rafiki yangu anafunga mzigo wake wa nguo, nikauliza. Hilo sikuwa nimewahi kumuuliza, na yeye hakuwahi kulisema. Alikunja mashati mawili kabla ya kujibu.

"Nilimwambia unakuja Jumamosi," akasema. "Akauliza leo ni siku gani."

"Ukamwambia?"

"Nikamwambia ni Ijumaa, bado kesho tu."

Nilikaa juu ya mzigo wake wa nguo. Yeye akakaa pembeni yangu. Kisha nilichukua simu, nikampigia binti yangu, nikamwambia lile jibu lote, hata la Ijumaa. Alikata simu.

Miezi minne hakunipigia. Habari kwamba amejifungua salama mtoto wa kike niliipata kwa mume wake. Asubuhi rafiki yangu alikuwa anakuja kama kawaida, na suruali, siku hizi zilizochanika zenyewe, kwa sababu nilimwambia uzi wangu ni ghali. Mjane naye alikuwa akipita na samaki anaingia bila kubisha, anaangalia kama nimefagia, ananisema. Anasema yeye ni shemeji yangu sasa, ana haki.

Siku moja ya soko, saa nne hivi, binti yangu alisimama mbele ya meza yangu. Amembeba mtoto mgongoni na kitenge cha mama yake, kile cha manjano, na kilikuwa bado kinanukia sabuni. Alikifungua, akakitandika juu ya meza yangu ya kukatia, akamlaza mtoto juu yake.

"Bado nimekasirika," akasema.

"Najua."

"Mtoto hana nguo ya kutembea nayo. Mshonee."

Nikachukua utepe, nikampima. Mabega yake yalikuwa madogo kuliko kola ya mchungaji. Binti yangu akauliza nguo itakuwa tayari lini. Kwenye mashini palikuwa na suti ya mtu wa City Centre, ya kuchukuliwa kesho, imebaki mkono mmoja. Nikaitoa, nikaiweka chini.

"Leo," nikasema. "Kaa hapo."